Kabla ya kulalamikia injini ya mwenzako, angalia unapobadilisha gia

Malalamiko yanayofika kwenye meza ya ukaguzi wa kiufundi wa mbio za magari msimu huu yamezidi, na karibu yote yanafanana: tulitoka kwenye kona sambamba, akaniacha kwenye mnyooko, basi injini yake si halali. Mara nyingi tukifungua rekodi za kompyuta za magari yote mawili tunakuta injini hazina tofauti ya maana. Tofauti ipo kwenye mchoro wa mizunguko ya injini kwa dakika, ule wenye meno kama ya msumeno. Meno ya mmoja yanapanda hadi juu, ya mlalamikaji yanakatika katikati.

Chanzo ni imani moja isiyotaka kufa, kwamba gia ibadilishwe injini inapofika kilele cha msokoto (torque), yaani nguvu yake ya kuzungusha. Sivyo. Kwenye kilele hicho gari huvuta kuliko mahali pengine popote ndani ya gia hiyo, lakini anayeshindana anatakiwa kujiuliza jambo lingine: nikiingiza gia inayofuata sasa hivi, magurudumu yatapata zaidi au pungufu? Gia ya chini huzidisha msokoto kwa uwiano mkubwa, kwa hiyo hata injini ikishaanza kuchoka huko juu, gia uliyomo inaweza bado kuishinda inayofuata.

Tuchukue injini ya mfano. Inatoa msokoto wa Nm 185 kwenye mizunguko 3,100 kwa dakika, 200 kwenye 4,500, 198 kwenye 4,900, 195 kwenye 5,400, 150 kwenye 7,000 na 135 kwenye 7,200. Kidhibiti mizunguko, kinachoizuia injini kupita kiwango kilichowekwa, kinakata kwenye 7,400. Uwiano wa gia ya pili ni 1.90, ya tatu 1.30, ya nne 1.00.

Dereva anayeamini kilele cha msokoto anaiacha gia ya pili kwenye 4,500. Alikuwa na 200 mara 1.90, yaani 380. Mizunguko inaanguka hadi karibu 3,100, na sasa ana 185 mara 1.30, yaani 240 hivi. Amejinyima zaidi ya theluthi ya mvuto, kwa hiari yake, kisha anakuja kwetu na fomu ya malalamiko. Anayesubiri hadi 7,200 ana takriban 257 kabla ya kubadilisha na takriban 257 baada yake. Hapo ndipo pa kubadilishia, si mapema wala si kwa kugonga kidhibiti.

Kutoka ya tatu kwenda ya nne hesabu inabadilika. Gia hizo zimekaribiana, kwa hiyo mizunguko haianguki sana, na mvuto unalingana mapema zaidi, kwenye 7,000: 195 kila upande. Ndiyo maana kumwambia dereva abadilishe kwenye namba moja kwa gia zote ni kumpotosha. Injini ya dizeli yenye tabo huishiwa pumzi mapema sana, na kuilazimisha hadi mstari mwekundu ni kelele tu. Pima injini yako kwenye mashine ya kupima nguvu, uchore mistari ya kila gia, utazame inapokatana.

Taa ya kubadilishia gia nayo isiwashwe kwenye namba ile ile ya hesabu. Mkono na mguu huchelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, na kwenye gia ya kwanza mizunguko hupanda kwa kasi mno. Kama inapanda 3,000 kwa sekunde, utakuwa umepitiliza 600 kabla ya kukanyaga klachi. Na ikiwa pa kubadilishia pameangukia katikati ya kona, badilisha kabla ya kuingia. Gari lililotulia lina faida kuliko mvuto kidogo uliopotea.

Kushusha gia ndiko kunakovunja injini. Kidhibiti hukata moto au mafuta, lakini hakiwezi kuyazuia magurudumu yasiizungushe injini. Ukiwa gia ya nne kwenye 7,000, ukakusudia ya tatu, mkono ukaangukia ya pili, injini inalazimishwa kuzunguka 13,300. Valvu hazirudi kwa wakati, pistoni inazikuta njiani, na boliti za konrodi, vyuma vinavyoziunganisha pistoni na shafti ya injini, zina kikomo chake. Funga breki kwanza, kasi ishuke, ndipo uachie klachi. Kompyuta huhifadhi mizunguko ya juu kabisa iliyofikiwa, kwa hiyo maelezo kwamba injini ilijifia yenyewe hayatufikishi mbali.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi hupoteza ada zao. Kwa kanuni za kimataifa za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, pingamizi dhidi ya matokeo hutolewa kwa maandishi, pamoja na ada, ndani ya dakika 30 baada ya matokeo ya muda, yaani yasiyo ya mwisho, kubandikwa. Pingamizi la pamoja la washindani kadhaa halipokelewi. Likihitaji injini ifunguliwe, mlalamikaji huweka dhamana ya gharama hizo, na lisipothibitika, gharama ni zake. Magari yakiwa kwenye eneo lililofungwa baada ya mbio, hakuna anayeyagusa bila ruhusa ya maofisa, hata kwa kuchomoa waya wa betri.

Kama kanuni za daraja lako zimeweka kikomo cha mizunguko na kidhibiti chako kimewekwa juu yake, usituambie kwamba hukupata faida yoyote. Kanuni zinasema wazi kwamba huo si utetezi, na adhabu inaweza kufika hadi kuondolewa kwenye matokeo. Mabadiliko yoyote ya mpangilio wa kidhibiti yaandikwe kwenye fomu kabla ya ukaguzi wa awali, kabla mihuri haijafungwa.