Kipunji: ukoo wa kima wetu unavyosomwa kwenye kinyesi

Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kima mpya kutoka kusini mwa Tanzania. Kwa wawindaji wa Kinyakyusa wa Mlima Rungwe hakuwa mpya hata kidogo. Wao ndio waliokuwa wakimwita kipunji, na habari zao ndizo zilizowaelekeza watafiti msituni. Timu nyingine ilimkuta kivyake Ndundulu, katika Milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe.

Ukimtazama tu, mkia mrefu, kishungi kichwani, maisha ya juu ya miti, utasema ni mangabei, kima mrefu wa misitu ya Afrika. Ndivyo alivyoainishwa mwanzoni. Kisha kipunji mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima shambani, na mzoga wake ukafikishwa maabara. DNA ikasema jambo lingine: jamaa zake wa karibu ni nyani, wale wakubwa wanaotembea chini. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe (kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu), Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika walio hai kutangazwa tangu 1923.

Hadithi haikuishia hapo. Ndani ya seli kuna mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nishati, zenye DNA ndogo ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Mitokondria za kipunji wa Rungwe zilionekana kuwa za nyani wa manjano, ilhali za Ndundulu ni za kipunji mwenyewe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hapo kale nyani jike alizaa na kipunji dume, na mabinti wa uzao huo wakabaki kwenye kundi la kipunji, wakaendeleza ukoo wa mama yao hadi leo.

Ushahidi wa namna hii hauhitaji kumkamata mnyama, na kwangu hiyo ndiyo neema kubwa ya fani hii. Kinyesi kinapopita kwenye utumbo hubeba seli za mnyama juu yake. Mkusanyaji huvaa glovu ili DNA yake isichanganyike na ya kima, huchota tabaka la nje la kinyesi kibichi, hulitia kwenye kichupa chenye ethanoli na kuandika mahali na tarehe. Kazi ngumu iko maabara: DNA yenyewe ni kidogo, imekatikakatika, tena imechanganyika na ya majani na matunda yaliyoliwa.

Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, na kati yao Ndundulu walikuwa kama 75. Mtu anaweza kudhani kwamba wa Ndundulu wakiisha tutahamisha wengine kutoka Rungwe. Vinasaba vinatukataza kufikiri hivyo, kwa sababu wakiisha wale 75, ukoo wa mama wa asili wa kipunji unaweza kutoweka nao, na Rungwe hatutaupata. Ndundulu ilindwe kwa ajili ya Ndundulu.

Rungwe nako hofu ni msitu kukatika vipande na ndugu kuzaliana wao kwa wao. Ushoroba mwembamba wa Bujingijila, unaounganisha Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone, umekuwa ukipandwa miti ya asili. Sampuli za kinyesi kutoka pande zote mbili zinaweza kuonyesha kama kipunji wanavuka na kuzaa upande wa pili. Kipimo hicho kichukuliwe kila baada ya miaka michache, kiende pamoja na kuhesabu miche iliyoshika.