"Usahihi wa asilimia 99" na dhana nyingine potofu kuhusu modeli za usalama

Kauli inayonichosha kuliko zote katika kazi yangu ya kukagua modeli za usalama, yaani programu zilizofunzwa kwa data ili zitambue hatari na kupiga kengele, ni "modeli yetu ina usahihi wa asilimia 99." Mteja huitamka kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi, akiamini kwamba kengele ikilia mara 100, mara 99 kuna mvamizi. Si hivyo hata kidogo.

Tupige hesabu. Mwaka 1999 Stefan Axelsson wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, alilieleza jambo hili kwa mfano ninaoutumia hadi leo. Chukua mtandao unaotoa kwa siku rekodi 1,000,000 za logi (kumbukumbu za kila kinachofanyika kwenye kompyuta), ambapo 20 tu zinatokana na uvamizi. Uwekee modeli inayonasa asilimia 99 ya rekodi hizo mbaya, na inayokosea kwa asilimia 1 tu ya rekodi safi. Zile 20 itazinasa karibu zote, sawa. Lakini asilimia 1 ya rekodi 999,980 zilizobaki ni kengele za uongo zipatazo 10,000. Kengele ya kweli ni moja katika kila 500 hivi! Mchambuzi akitumia dakika moja kwa kila kengele, atahitaji saa 167, karibu wiki nzima bila kulala, ili amalize kengele za siku moja. Kinachofuata tunakijua: arifa zinaelekezwa kwenye folda asiyoifungua mtu, na mvamizi anapita humo humo.

Kuna na kichekesho. Modeli inayojibu "salama" kwa kila rekodi, bila kuangalia chochote, ingekosea zile 20 tu, yaani ingepata usahihi wa asilimia 99.998 kwenye data hizo hizo. Ndiyo maana nikiona neno "usahihi" limesimama peke yake kwenye slaidi ya muuzaji, naacha kusikiliza.

Wanaodhani hayo ni ya mitandao tu waangalie kamera. Juni 2017, wakati wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Cardiff, mfumo wa kutambua sura wa Polisi wa Wales Kusini ulitoa arifa 2,470, na 2,297 zilikuwa za makosa. Hiyo ni asilimia 93. Hata kamera nzuri hazikuponyi hapo, kwa sababu wanaotafutwa ni wachache na wapita njia ni umati.

Ushauri wangu, ambao wauzaji hawaupendi: anza na idadi ya kengele ambazo watu wako wanaweza kuzisoma kwa siku, kisha rudi nyuma ukapange kizingiti, yaani kiwango cha shaka ambacho modeli ikikifikia inapiga kengele. Ukikipandisha, kengele zinapungua na baadhi ya wavamizi wanapenya, ukikishusha, unazama. Hakuna kizingiti kinachokupa vyote viwili. Halafu dai majaribio yafanyike kwenye trafiki yako mwenyewe, yaani data zinazopita kwenye mtandao wako. Bado naletewa matokeo mazuri yaliyopatikana kwenye data za shindano la KDD Cup 99, yaani trafiki ya kuigiza iliyotengenezwa maabara mwaka 1998. Mtandao wa namna hiyo haupo tena popote.

Madai mengine ya wauzaji nayapitia haraka.

"Inajifunza yenyewe." Nyingi hazijifunzi chochote zikishasimikwa. Zinabaki na picha ya siku zilipofunzwa, huku watumiaji wakibadilisha programu na walaghai wakibadilisha barua pepe zao. Usipopanga bajeti ya kuifunza upya, umenunua kitu kinachozeeka. Na hizo chache zinazojifunza kutokana na trafiki, mvamizi mvumilivu anaweza kuzilisha uchafu kidogo kidogo mpaka zimzoee.

"Mashine haibagui." Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima algoriti 189 za kutambua sura. Katika nyingi, uwezekano wa kuwachukulia watu wawili tofauti kuwa mtu mmoja ulikuwa mkubwa zaidi kwa sura za Waafrika na Waasia kuliko za Wazungu, mara 10 hadi 100 kutegemea algoriti. Baadhi ya algoriti zilizotengenezwa Asia hazikuwa na pengo hilo kwa sura za Waasia, kwa hiyo uliza sura zilizofunza modeli zilitoka wapi kabla ya kuuliza bei.

"Haidanganyiki." Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichukua maneno kutoka kwenye faili la mchezo wa kompyuta, wakayabandika mwishoni mwa programu hasidi, na modeli ya antivairasi iliyokuwa ikisifiwa sana ikaipitisha kama salama. Kazi ya programu yenyewe haikubadilika hata chembe. Kwa hiyo anayekuambia uzime kanuni na saini zako za zamani (alama za kutambulisha programu hasidi zinazojulikana) kwa kuwa sasa una akili bandia, mwambie atangulie kuzima zake.