Entropia sio fujo, na chembe haivutwi na utando wa seli

Jamani hii ya "entropia maana yake fujo" imezidi, juzi tena nimemsikia mtu anafundisha kabisa, eti ukiona chembe zimejikusanya kwenye utando wa seli ujue kuna kani inazivuta, kwa sababu entropia kazi yake ni kutawanya. Hapana.

Entropia ni hesabu ya njia, yaani vitu hivi vinaweza kujipanga kwa namna ngapi. Kani ya kientropia inatokea kwa sababu mfumo mzima unaelekea palipo na njia nyingi zaidi, hamna chaji wala gundi. Basi.

Sasa ndani ya seli kumejaa protini kibao. Kitovu cha protini hakiwezi kuusogelea utando zaidi ya nusu ya kipenyo cha hiyo protini, kwa hiyo kila uso una kiukanda ambacho vitovu havifiki, na chembe kubwa nayo ina cha kwake. Chembe ikigusa utando, vile viukanda viwili vinapandana na hiyo nafasi iliyookolewa inarudi kwa protini, ambazo ni nyingi mno, ndo maana entropia ya jumla inapanda japo chembe yenyewe imekwama pale. Ukumbini kwenye harusi meza zinasogezwa ukutani ili watu wacheze, na hakuna anayesema ukuta umeivuta meza.

Haya yalielezwa na wanasayansi Asakura na Oosawa kule Japani mwaka 1954. Na tufe likiwa kwenye ukuta bapa nafasi inayookolewa ni karibu mara 2 ya matufe mawili yakigusana, sababu viukanda vinapandana eneo kubwa zaidi. Mwaka 1998 watafiti kina Dinsmore walifungia tufe kubwa ndani ya kifuko cha mafuta chenye vitufe vidogo wakaangalia kwa hadubini, likawa linakaa sana pembeni, hasa pale ukuta ulipopinda kulifuata umbo lake.

Ila kinachoniudhi zaidi ni watu kusahau upande wa pili. Utando una unene wa nanomita 4 au 5 hivi, ni laini, unatikisika kwa joto tu, chembe nyekundu ya damu ukiitazama kwenye hadubini unaona kingo zinachezacheza. Ukiubana na kitu unaupunguzia njia za kutikisika, na wenyewe unasukuma nje. Mwanafizikia Helfrich alilipigia hesabu mwaka 1978: umbali kati ya utando na kinachoubana ukipungua nusu, gharama ya nishati ya kuubana inapanda mara 4. Kwa hiyo entropia hiyo hiyo inaileta chembe na inaikataa, inategemea nani anapata nafasi na nani anaipoteza.

Watu wa maabara ya damu wanajua chembe nyekundu zikijipanga safu ndani ya plazma, yaani majimaji ya damu, ukitoa plazma ukaweka maji ya chumvi zinaachana, lakini zilizoganda kwa antibodi (kingamwili) zinabaki vile vile. Wapo wanaosema protini za plazma zinafanya daraja kati ya chembe na wapo wanaosema ni entropia, na mabishano hayo yana maana kweli. Kwa hiyo kabla hujaandika "zinavutana", angalia kwanza kilichozizunguka, na kama kinachozibana kinatoka nje andika "zinasukumwa pamoja".