Dubstep: Itambue kwa Pigo la Tatu na Besi ya Chini

Mtu akiulizwa dubstep ni muziki gani, mara nyingi huiga kwa mdomo ile besi inayotetema: wob, wob, wob. Mtetemo huo upo, lakini nyimbo nyingi za mwanzo hazina hata chembe yake, na nyimbo nyingi za pop zimeuazima bila kugeuka dubstep. Anayetaka kuitambua dubstep, ambayo ni muziki wa dansi wa kielektroniki, asikilize kwanza ngoma, kisha besi iliyo chini kabisa.

Tuanze na ngoma. Kasi ya dubstep ni takribani mapigo 140 kwa dakika, kwa hiyo kila kipimo, yaani kundi la mapigo manne, huchukua kama sekunde 1.7. Katika muziki wa hausi (house), kiki, ile ngoma nzito ya chini, hulia kwenye kila pigo kati ya hayo manne. Katika dubstep, kiki hushika pigo la kwanza, snea, ngoma yenye mlio mkali kama kofi, ikashika la tatu, na nafasi inayobaki huachwa wazi au hunyunyiziwa milio midogo midogo. Snea ikisikika mara moja tu katika kipimo, kichwa hutikisika kana kwamba kasi ni 70, huku haihati, yaani matoazi madogo, zikikimbia kwa 140. Wimbo mmoja unakuwa mzito na mwepesi kwa wakati mmoja. Kujaribu ni rahisi: hesabu haraka moja, mbili, tatu, nne, na upige kofi kwenye tatu peke yake. Kofi likiangukia juu ya snea kila mara, uko karibu na jibu. Ninasema karibu kwa sababu trap, aina ya hip hop ya Marekani, nayo huweka snea papo hapo, tena kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Ndiyo maana ngoma peke yake haitoshi.

Besi ndiyo inayokata shauri, na chimbuko lake linaeleza kwa nini. Dubstep ilizaliwa kusini mwa London, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watayarishaji wa gereji (garage), muziki wa dansi wa Uingereza, waliondoa sauti za waimbaji na kubakiza ngoma, besi na mwangwi, kama mafundi wa dub, rege iliyopunguzwa sauti za waimbaji, walivyofanya Jamaika katika miaka ya 1970. Jina lenyewe limeunganisha dub na 2-step, aina ya gereji isiyo na kiki kwenye kila pigo. Duka la santuri la Big Apple huko Croydon liliwakutanisha vijana kama Skream na Benga na DJ Hatcha. Rinse FM, redio ya London iliyokuwa ikirusha matangazo bila leseni, iliusambaza muziki huo hewani. Usiku wa DMZ, tafrija ya dansi iliyoanza Brixton, London, mwaka 2005 chini ya watayarishaji Mala, Coki na Loefah, uliufanya muziki huo usikike kwenye spika zinazoustahili.

Spika ni jambo kubwa hapa. Besi ya msingi ya dubstep ni wimbi la saini (sine), laini na lisilo na mikwaruzo, lenye masafa ya kati ya hezi 40 na 60, yaani mitetemo 40 hadi 60 kwa sekunde. Noti ya F ya chini huwa hezi 43.7, na G hezi 49. Watayarishaji wengi hupenda kutunga karibu na hapo. Ukishuka hadi C ya hezi 32.7, spika nyingi za kumbi huanza kuishiwa nguvu, na noti inayotakiwa kutikisa kifua inapotea. Spika ya simu haifiki huko kabisa. Anayeihukumu dubstep kwa spika ya simu anasikia ngoma tu, na muziki wenyewe unampita.

Ule mtetemo maarufu hutengenezwa juu ya msingi huo. Sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, hutoa sauti kali, mara nyingi wimbi la msumeno, kisha kichujio kinachokata masafa ya juu hufunguliwa na kufungwa na osileta ya polepole, yaani kifaa kinachorudia mzunguko uleule tena na tena. Kwa kasi ya 140, mzunguko mmoja kwa kila pigo ni hezi 2.33, mizunguko miwili ni hezi 4.67, mitatu ni hezi 7. Fundi mzuri hubadilisha idadi hiyo ndani ya kipimo kimoja, na besi ikaanza kama kuongea.

Wanaoanza huharibikiwa hapa zaidi ya popote. Huacha kichujio kifanye kazi kwenye besi yote, hivyo uzito nao unaingia na kutoka kila kinapofunga. Au huipanua besi yote kwa sterio, yaani sauti tofauti kulia na kushoto. Ukumbi ukiunganisha chaneli hizo mbili kuwa moja, yaani mono, mawimbi yanayopingana yanafutana na besi inatoweka. Tiba ni kuigawa tabaka mbili: chini ya hezi 100 hivi iwe mono, safi, bila kichujio kinachotembea, juu ya hapo ndipo utetemeshe, ukwaruze na upanue utakavyo. Kiki nayo hugombea nafasi na besi. Ipe kishindo chake karibu na hezi 90, au besi ishushwe kwa muda mfupi sana kila kiki inapopiga.

Baada ya 2010 Marekani iliupokea muziki huu na kuusogeza juu, kwenye masafa ya kati yenye makelele. Mtayarishaji Skrillex wa Marekani alipata tuzo tatu za Grammy Februari 2012 kwa mtindo huo, ambao wapenzi wa zamani huuita brostep. Ngoma zake nyingi bado zinafuata pigo la tatu, kwa hiyo kuutoa kwenye ukoo ni kuuonea. Burial, mtayarishaji wa London aliyetoa albamu zake za kwanza kwa lebo ya Hyperdub mwaka 2006 na 2007, alikwenda upande mwingine: ngoma zake nyingi ni za kuvunjikavunjika kama 2-step, na lile jaribio la kofi halimfai. Kwake fuata besi na ule uwazi uliojaa mwangwi.