Chale ana mke, wana na Mungu wake: yasemwayo na yalivyo

Sarakasi tunayoijua sisi watu wa pwani ni ile ya vijana wanaopandana mabegani ufukweni Pirates, Mombasa, jioni maji yakishakupwa. Chale, yule wa pua nyekundu na viatu kama mitumbwi, tumemwona kwenye televisheni zaidi ya kumwona kwa macho. Labda ndiyo maana tumemzulia mengi: kwamba ni mlevi, hana kwao, hana dini, na akishavua nguo za kazi hukaa peke yake akilia. Chembe ya ukweli imo humo. Mengine ni uzushi, tena uzushi wa kuazima, maana haukuanzia kwetu.

"Chale ni mtu asiye na kwao"

Asemaye hivi hajapata habari za akina Fratellini, ndugu wa sarakasi. Baba yao, Gustavo, alikuwa Mtaliano, naye alizunguka na sarakasi miji ya Ulaya pamoja na mkewe. Mwanawe Paul alizaliwa Catania mwaka 1877, François akazaliwa Paris mwaka 1879, Albert akazaliwa Moscow mwaka 1886. Ukiisoma orodha hiyo bila maelezo utadhani ni watoto wa balozi. Kumbe mama alijifungulia pale kazi ilipowafikisha.

Ndugu walikuwa wanne, pamoja na mkubwa wao Louis, na wote walikuwa machale. Walifanya kazi wawiliwawili kama ilivyokuwa desturi: Louis na Paul, François na Albert. Desturi hiyo ina maana yake. Chale mmoja hupaka uso mweupe, huvaa nguo za kumetameta na hujifanya mjuaji. Mwenzake, anayeitwa ogusti, ndiye mwenye suruali pana na pua kubwa, naye huharibu kila anachokigusa. Kichekesho kizima kimo katikati ya hao wawili. Wa tatu angekaa wapi?

Mwaka 1909 Louis akafa akiwa safarini Warsaw, akaacha mjane na watoto. Paul akabaki hana mwenzake wa kazi. Ikawa kama inavyokuwa kwetu matanga yakishaanuliwa: ndugu hukaa kitako wakaulizana watoto wa marehemu watakula wapi. Jibu la akina Fratellini lilikuwa kuvunja desturi. François na Albert walimwingiza Paul katikati yao, na mapato ya watatu yakalisha nyumba zote, ya marehemu ikiwemo. François akabaki na uso mweupe, Albert akawa ogusti wa kutisha na kuchekesha kwa pamoja, na Paul akavaa koti refu na miwani ya jicho moja kama karani wa mahakama aliyepotea njia. Walipoingia Sarakasi ya Medrano, Paris, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mji ulikuja kuwatazama, wakubwa kwa watoto. Wataalamu wa sarakasi huandika kurasa nyingi kuhusu ubunifu wa utatu ule. Mimi naona ulianza na vinywa vya yatima.

Kuna na yule chale aliyeitwa Chocolat. Jina lake lilikuwa Rafael, na alizaliwa Cuba karibu mwaka 1868, utumwani. Paris ilimjua kama mtu mweusi anayepigwa makofi na Foottit, chale mweupe wa Kiingereza, na watu wakacheka wasijiulize wanacheka nini. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Aliishi na Marie Hecquet, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa na watoto wawili wa ndoa ya awali, akawalea kama wake. Mmoja wao, Eugène, alikuja kuwa mwenzake ulingoni. Rafael ndiye huyohuyo aliyekuwa akienda hospitali za Paris kuwachekesha watoto wagonjwa, miaka mingi kabla madaktari hawajaanza kuiita hiyo tiba. Alifia Bordeaux mwaka 1917, akiwa bado safarini na sarakasi, akazikwa upande wa maskini.

"Hiyo si kazi ya mwanamke"

Annie Fratellini, mjukuu wa Paul, alijitia pua nyekundu akawa ogusti, na mumewe, Pierre Étaix, ndiye aliyepaka uso mweupe. Wakafungua shule ya sarakasi Paris katikati ya miaka ya 1970. Hili halihitaji maneno mengi.

"Ni mchezo tu, si kazi"

Mwulize aliyewahi kujipaka. Kwanza rangi nzito yenye mafuta, inasambazwa kwa vidole mpaka chini ya kidevu na nyuma ya masikio. Kisha soksi iliyojazwa poda, unajipigapiga nayo usoni mpaka rangi ikamate, ndipo jasho lisiiteremshe. Kisha brashi laini ya kupangusa poda iliyozidi. Nyusi, mdomo, pua. Mtoto wa chale huketi pembeni ya kioo akimwona baba akipotea kidogokidogo, na baada ya onyesho humwona akirudi kwa kitambaa na mafuta.

Lou Jacobs, Mjerumani wa Bremerhaven aliyejiunga na sarakasi ya Ringling huko Marekani mwaka 1925, alikuwa mrefu kupita futi sita. Alijitengenezea kigari kidogo mno, akajifunza kujikunja ndani yake, miguu, magoti na viatu vyote, kisha kutoka polepole mbele ya watu. Alikifanya kichekesho hicho miaka na miaka. Nyumbani alikuwa na mke wa sarakasi na mabinti wawili waliokulia humohumo. Mmoja, Dolly, akawa bingwa wa kuning'inia kwenye pete juu hewani. Mwaka 1966 uso wa Jacobs ulitokea kwenye stempu ya posta ya Marekani. Sijui wangapi tuliobandika stempu maishani tulijiuliza yule mtu alikuwa baba wa nani.

Kazi nyingine ya chale haionekani kabisa: kuziba pengo. Simba wanapotolewa na vyuma kufunguliwa, chale ndiye anayeshika macho ya watu. Kwa hiyo mambo yakiharibika yeye yuko karibu. Tarehe 6 Julai 1944, mjini Hartford, jimbo la Connecticut, hema kubwa la Ringling lilishika moto katikati ya onyesho la mchana. Turubai lilikuwa limepakwa nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisivuje mvua, kwa hiyo liliwaka kama utambi. Walikufa watu zaidi ya 160, wengi wao watoto. Ipo picha ya siku ile ya Emmett Kelly, chale wa sura ya mzururaji, akikimbia na ndoo ya maji, rangi ikiwa bado usoni na viatu vyake vya kuchekesha miguuni. Huyo si mtu aliye mchezoni.

"Chale hana dini"

Hapa ndipo uzushi ulipozidi. Wanaohamahama hawana parokia wala mtaa, ni kweli, kwa hiyo dini huwafuata walipo. Kanisa Katoliki huteua mapadre kwa ajili ya watu wa sarakasi na maonyesho ya kutembea. Misa husomwa ulingoni, kwenye vumbi la mbao ambako farasi walipita usiku uliotangulia, na watoto hubatizwa hapohapo, mbele ya wasimamizi wanaojua kutembea juu ya kamba.

Wengi tuliona mwezi Aprili 2025 yule sista mzee mwenye begi mgongoni, akisimama na kulia kando ya jeneza la Papa Fransisko ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Walinzi wakamwacha. Ni Sista Geneviève Jeanningros, wa shirika la Masista Wadogo wa Yesu, aliyeishi kwa zaidi ya miaka 50 ndani ya karavani kati ya watu wa bembea na sarakasi, huko Ostia karibu na Roma. Papa alikwenda kuwatembelea huko mwaka 2024. Na mwaka 2016, alipowapokea watu wa sarakasi Vatikani, aliwaita mafundi wa sherehe, wa maajabu na wa uzuri. Neno fundi nalipenda. Halimpambi mtu, linamheshimu tu.

Anayedhani viungo vya kurukaruka na sala havikai mwili mmoja, akumbuke Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye vyuo vyake vya ufundi tunavyo Kenya na Tanzania. Alizaliwa mwaka 1815 kijijini kaskazini mwa Italia. Utotoni alikwenda magulioni kuwatazama wanasarakasi kwa makini, kisha akarudi kujaribu nyumbani, akianguka na kuamka. Alipofaulu, alifunga kamba baina ya miti akawaita wanakijiji. Kiingilio kilikuwa rozari, na kabla hajapanda kambani aliwarudia mahubiri ya Jumapili. Asiyetaka kusali alikosa uhondo.

Wala si Wakristo peke yao. Kusini mwa Morocco, eneo la Sous, yuko walii Sidi Ahmed u Musa, wa karne ya 16, ambaye wanasarakasi wa huko wamemfanya shekhe wao. Minara yao ya watu ilisafiri mpaka kwenye sarakasi za Ulaya na Marekani, na walikwenda nayo wakiwa Waislamu. Kwa hiyo ukimwona kijana pale Pirates akishuka mabegani mwa wenzake, akajifuta mchanga na kuuliza kama magharibi imeshaadhiniwa, usishangae. Ana wa kumtangulia.

"Ndani yake analia"

Hadithi yenyewe mmeisikia. Mtu mwenye huzuni alimwendea daktari. Daktari akamwambia: dawa yako ni moja, nenda ukamtazame chale Grimaldi. Mtu akajibu: Grimaldi ndiye mimi. Hadithi hiyo imesimuliwa hivyohivyo kuhusu Grock wa Uswisi na wengineo, jina tu ndilo linalobadilika, jambo ambalo lingetosha kututia shaka.

Joseph Grimaldi alizaliwa London mwaka 1778. Kwanza, hakuwa hata chale wa sarakasi. Alicheza kwenye majumba ya maonyesho. Lakini machale wote humhesabu kama babu yao, na kila Jumapili ya kwanza ya Februari hukusanyika kanisani mashariki mwa London kumwombea yeye na wenzao waliotangulia. Huja wamejipaka, wamevaa na pua zao, wanaimba tenzi. Huko London wanayo pia mayai yaliyochorwa nyuso zao, yai moja kwa kila chale, ili mtu asiige uso wa mwenziwe. Desturi ya mayai ilianza mwaka 1946 kwa maganda ya kweli, na mengi yakavunjika.

Je, Grimaldi alikuwa na huzuni? Alikuwa nayo, tena tele, ila tuiite kwa jina lake. Mkewe wa kwanza alifariki katika uzazi mwaka 1800. Kazi ilimvunja viungo: wakati wa maonyesho watu walimngoja pembeni ya jukwaa, akitoka tu wanampokea na kumsugua misuli iliyokakamaa, kisha wanamrudisha kuchekesha. Alipoaga jukwaa mwaka 1828 alicheza ameketi kitini kwa kuwa miguu ilikataa. Mwanawe wa pekee, aliyemrithi kazini, akafa mwaka 1832. Kisha akafa mke wa pili. Huko ni kufiwa, na kufiwa hakuchagui kazi. Seremala yangempata hayohayo na hakuna ambaye angetunga hadithi ya daktari.

Miaka ya mwisho jioni zake alizimaliza kwenye kilabu cha jirani, akisimulia ya zamani. Kwa kuwa hakuweza kutembea, mwenye kilabu alimbeba mgongoni kila usiku mpaka nyumbani. Ndivyo alivyobebwa na usiku wake wa mwisho, mwaka 1837.