Udongo wa mfinyanzi katika majangwa ya volkano: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Ukitaja jangwa, watu huona mchanga. Ukitaja volkano, huona rutuba. Ukitaja vyote viwili pamoja, yaani udongo mzito wa mfinyanzi uliotokana na lava au majivu ya volkano katika nchi kame, dhana hizo mbili hugongana, na mengi yanayosemwa baada ya hapo huwa nusu kweli. Swali linalosahaulika ni moja: tangu jiwe lianze kuoza, maji kiasi gani yamepita ndani ya udongo huo? Jibu lake hueleza mambo mengi kuliko volkano yenyewe.

Dhana: Jangwani ni mchanga tu, udongo wa mfinyanzi utoke wapi?

Mchanga hufunika takriban moja ya tano tu ya majangwa ya dunia. Kwingine kote ni mawe, changarawe, miamba mitupu, mabonde ya chumvi na udongo wa aina nyingine. Isitoshe, basalti, jiwe jeusi la lava iliyoganda, halina cha kuachia mchanga mwingi. Mchanga tuliouzoea ni chembe za kwatzi, madini yanayokataa kuoza, na basalti karibu haina kwatzi. Iliyo nayo ni olivini, piroksini, felspa yenye kalsiamu na kioo cha volkano, vitu vinavyooza mapema na kuishia kuwa chembe za mfinyanzi na oksidi za chuma.

Dhana: Udongo wa mfinyanzi ni ule ule popote ulipo

Kwa kipimo cha ukubwa, ndiyo: chembe yoyote iliyo ndogo kuliko milimita 0.002 huhesabiwa kuwa ya mfinyanzi. Lakini ukubwa hausemi tabia.

Chukua basalti ya aina moja, uiache ioze mahali penye mvua nyingi na mahali pakavu. Kwenye mvua, maji hupita mwaka hadi mwaka na kuondoka na silika, kalsiamu, magnesiamu na sodiamu. Kinachobaki ni kaolinaiti, aina mojawapo ya madini ya mfinyanzi, na oksidi za chuma, udongo mwekundu usiovimba sana. Pakavu, maji huja kidogo, hulowesha, kisha hukauka papo hapo bila kuondoka na kitu. Silika na magnesiamu hubaki, na kutokana navyo huzaliwa aina nyingine ya madini ya mfinyanzi, smektaiti.

Smektaiti ndiyo inayoupa udongo huu sifa zake zote za ajabu. Imeundwa kwa matabaka membamba yaliyolaliana kama kurasa za kitabu, na maji huweza kuingia kati ya ukurasa na ukurasa. Gramu moja tu ina eneo la uso la mita za mraba 600 hadi 800, hali kaolinaiti ina 10 hadi 30. Uwezo wa kushikilia virutubisho vyenye chaji chanya, kama kalsiamu na potasiamu, ni sentimoli 80 hadi 120 kwa kilo, wakati kaolinaiti huishia kati ya 3 na 15. Udongo wenye asilimia 20 ya smektaiti unaweza kuwa msumbufu kuliko wenye asilimia 50 ya kaolinaiti, kwa hiyo anayepima kiasi cha mfinyanzi bila kuuliza ni wa aina gani amefanya nusu ya kazi.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Maandishi mengi yanayousifu udongo wa volkano huwa na maana ya ule mwepesi, unaobonyea mkononi, unaotokana na majivu machanga penye unyevu. Huo ni udongo mwingine kabisa. Sifa zake hazifai kuhamishiwa jangwani.

Dhana: Udongo ulio juu ya lava umetokana na lava hiyo

Hili linaonekana wazi kiasi kwamba kwa muda mrefu wengi hawakulihoji. Ukifunua mawe meusi yaliyopangana juu ya uwanda wa lava jangwani, chini yake unakuta udongo laini, wa rangi hafifu, hauna jiwe hata moja, una vitundu vidogo vya hewa. Maelezo ya zamani yalisema upepo umepeperusha vumbi na kuacha mawe, au mawe yamepanda juu kutoka chini.

Watafiti waliochunguza uwanda wa volkano wa Cima, katika jangwa la Mojave nchini Marekani, walifikia jambo tofauti. Udongo ule wa chini ulikuwa na kwatzi nyingi, na basalti tumeshasema karibu haina. Ulikuwa vumbi lililoletwa na upepo kutoka mabonde ya ziwa yaliyokauka, likadondoka katikati ya mawe, likazama, na likajaa taratibu huku likiyainua mawe. Mwaka 1995 ulichapishwa upimaji wa heliamu ya aina ya 3, ambayo hujikusanya ndani ya jiwe linalopigwa na miale ya anga, na ukaonyesha kwamba mawe ya juu yamekaa juani kwa muda uleule kama lava yenyewe. Hayakuwahi kuzikwa, na udongo ulikuja kukaa chini yake.

Kwa hiyo katika majangwa mengi ya volkano, udongo una wazazi wawili: jiwe na vumbi. Chokaa na chumvi vilivyomo mara nyingi vililetwa na vumbi, na sehemu ya mfinyanzi pia.

Dhana: Udongo unaoshika maji mengi ndio bora kwa mimea ya jangwani

Nadhani hii ndiyo dhana yenye gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu ni kweli mahali pengine. Penye mvua ya kutosha, udongo wa mfinyanzi huweka akiba ambayo udongo wa kichanga hauwezi kuiweka. Jangwani mambo hugeuka.

Mvua ya milimita 10 ikianguka kwenye udongo mkavu wa kichanga, hushuka sentimita 10 au zaidi. Ikianguka kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshikamana, usio na nyufa, hulowesha sentimita chache tu za juu, na hizo ndizo jua hukausha kwanza. Juu ya hayo, chembe hushikilia maji kwa nguvu kubwa. Mmea unaweza kunyauka na kufa wakati takriban robo ya ujazo wa udongo wa smektaiti bado ni maji, ilhali kwenye mchanga maji hubaki asilimia chache tu mmea unaponyauka. Maji yapo, ila mizizi haina nguvu ya kuyavuta.

Mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir alilieleza jambo hili mwaka 1973: katika nchi kame, udongo wa kichanga au wa mawe huotesha zaidi kuliko wa mfinyanzi, na mpaka wa mgeuko huo uko kwenye mvua ya milimita 300 hadi 500 kwa mwaka. Ndiyo maana mawe yaliyotapakaa juu ya udongo wa jangwa la volkano yanafaa kuachwa yalipo. Huzuia matone yasiuzibe uso wa udongo na hupunguza uvukizi. Anayeyaokota yote ili "kusafisha" shamba huenda anajitia hasara.

Dhana: Nyufa ni dalili ya udongo uliokufa

La hasha. Nyufa ni kupumua kwake: ukinyeshewa huvimba, ukikauka husinyaa. Wataalamu huuweka katika kundi la vatisoli ukiwa na angalau asilimia 30 ya mfinyanzi na nyufa zinazofunguka na kufunga. Mvua ya kwanza ya dhoruba hupitia nyufa hizo na kufika kina ambacho isingekifikia kwa njia nyingine. Zikishaziba, kasi ya maji kupenya inaweza kushuka chini ya milimita 1 kwa saa. Udongo wa juu nao hudondokea ndani ya nyufa na kusukumwa tena juu unapovimba, hivyo hujigeuza wenyewe. Nguzo hupinda, kuta hupasuka. Kwa mjenzi ni balaa, lakini si kifo.

Dhana: Ukiwa mweusi, una mboji nyingi

Mara nyingi kaboni ya mimea haifiki hata asilimia 1. Kiasi kidogo cha mboji kilichoungana na smektaiti hutosha kuutia weusi wote. Kalsiamu na magnesiamu zimejaa, naitrojeni ni haba, na kwa kuwa pH hupita 8 na chokaa ipo, fosforasi, zinki na chuma hufungwa mimea isivipate.

Dhana: Chumvi ikizidi, mwaga maji safi tu iondoke

Inategemea ni chumvi gani. Sodiamu ikishika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi zilizo juu ya chembe za mfinyanzi, chumvi nyingine zilizoyeyuka ndizo huzizuia chembe zisisambaratike. Ukiziosha kwa maji safi matupu, umeondoa kizuizi. Chembe hutawanyika, huziba vinyweleo vyote, na shamba hugeuka sakafu isiyopitisha maji wala hewa. Kwanza huwekwa jasi, ili kalsiamu yake ichukue nafasi ya sodiamu, ndipo maji yafuate.

Kutopitisha maji si ubaya siku zote. Udongo wa Gezira nchini Sudan ni mfinyanzi ulioletwa na Nile ya Buluu kutoka nyanda za basalti za Ethiopia. Mifereji yake imechimbwa humohumo kwenye udongo, bila kusakafiwa kwa saruji, na maji hayapotei sana.

Dhana: Penye mfinyanzi mwingi, lazima mvua ilinyesha sana zamani

Smektaiti inaonyesha kwamba maji yalikuwepo, lakini pia kwamba hayakupita kwa wingi. Mfano safi kabisa hauko duniani. Mwaka 2013 chombo cha utafiti cha Curiosity kilitoboa mwamba wa matope ya kale kwenye kreta ya Gale, sayari ya Mirihi, na kupata smektaiti ya takriban asilimia 20. Ukichunguza elementi za mwamba huo kwa jumla, bado zinakaribiana na za basalti yenyewe. Madini yalibadilika kuwa mfinyanzi palepale, na karibu hakuna kilichosombwa.