Mkutano wa kijiji si wa kupiga makofi: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Nimeshapiga kura, kazi yangu imekwisha.

Uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na viongozi wanakaa miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Piga hesabu: siku moja ya kura, mikutano ishirini. Anayejitokeza siku ile moja na kuikosa ile ishirini amechagua mtu wa kumwamulia, halafu analalamika kwamba ameamuliwa.

Mkutano huo ndio chombo kikuu cha kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba ya mkutano na kuwajibika kwake. Mwenyekiti anauongoza tu, kijiji si mali yake.

Dhana: Mambo ya hesabu na sheria waachiwe wasomi.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana wanaoiamini ni watu wenye ujuzi tayari.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano katika kijiji kimoja mkoani Morogoro, chini ya mwembe, watu wamekalia mawe na madumu. Mtendaji, kijana mwenye adabu, akasoma mapato na matumizi kwa kasi. Watu wakaanza kuitikia "sawa, sawa". Mama mmoja muuza vitumbua akainua mkono, daftari dogo mapajani.

"Mwenyekiti, naomba ufafanuzi. Mtendaji, mwanangu, mkutano uliopita ulitusomea salio shilingi 412,000. Leo umeanzia 312,000. Hiyo laki imepita wapi?"

Kimya. Kuku akapita katikati ya mkutano, hakuna aliyemfukuza. Mtendaji akafunua karatasi zake, akakuta laki ile ililipia fundi wa pampu ya maji wiki moja baada ya mkutano, ila haikuandikwa kwenye matumizi. Stakabadhi ikaletwa, ikasomwa, ikaandikwa. Hakuna aliyeitwa mwizi.

Mama yule aliishia darasa la saba. Alijifunza wapi? Kwenye kikoba. Ni mweka hazina, na kila wiki anahesabu fedha kwa sauti mbele ya wenzake: tulifunga na kiasi gani, tunafungua na kiasi gani. Kanuni ni hiyo hiyo kwa fedha za kijiji. Salio la kufungia mkutano uliopita lazima liwe ndilo la kuanzia leo. Ukiijua hiyo moja na ukawa unaandika namba kwenye daftari lako, umeshakuwa mkaguzi mzuri.

Dhana: Tunaitwa kupewa taarifa, maamuzi yameshafanyika.

Yapo mambo ambayo bila mkutano hayasimami. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda matumizi mengine, eneo lisilofika hekta 250 linakubaliwa au kukataliwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo anaamua Waziri, lakini baada ya kuzingatia maoni ya mkutano.

Hapa kuna mtego ambao haumo kwenye sheria, umo kwenye lugha. Karatasi inasema hekta, sisi tunalima ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mzee akisikia "hekta 200" anapata picha ya mashamba 200 ya ekari moja moja, kumbe yanayoondoka ni karibu 500. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kunyoosha mkono liwe: hizo ni ekari ngapi, na zinaanzia mti gani hadi korongo gani? Aliyeleta hoja akishindwa kuonyesha mipaka kwa vitu tunavyovijua, iahirishwe mpaka watu waende kuiona.

Dhana: Nikisaini mahudhurio nimekubali.

Hapana. Saini yako inasema ulikuwepo, basi. Tatizo ni kwamba orodha ya mahudhurio huambatanishwa na muhtasari, na muhtasari ukiandikwa vibaya, majina yenu yote yanaonekana kama ndiyo. Dawa yake ni ndogo na watu hawaitumii: kabla mkutano haujafungwa, mwambieni katibu asome kwa sauti kila azimio, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi. Kosa lililosikika mbele ya watu wote linasahihishwa hapo hapo. Likigundulika mwaka kesho ofisini, ni kesi.

Dhana: Mimi mpangaji, au kijana tu, sina sauti.

Sheria inataka mambo mawili: uwe mkazi wa kawaida wa kijiji na uwe umefika miaka 18. Haiulizi kitovu chako kilizikwa wapi, wala kama una shamba.

Dhana: Kudai taarifa ni kutafuta ugomvi na viongozi.

Naielewa hofu hii. Kijijini tunazikana na kuozeshana, na mwenyekiti unayemhoji leo ndiye atakayebeba jeneza la baba yako kesho. Ndiyo maana namna ya kuuliza ni ujuzi wa kujifunza. Uliza kuhusu namba, usimtaje mtu. Anza na "naomba ufafanuzi". Ukiona unaogopa, kubalianeni watatu kabla ya mkutano: mmoja aulize, wa pili aunge mkono, wa tatu aombe jibu liandikwe.

Na jibu lisipopatikana mkutanoni, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, yenye ombi moja: nakala ya mapato na matumizi ya robo mwaka fulani. Toa nakala mbili. Moja iache ofisini, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.